Land Rover ya Sentimita 44: Ushauri kwa Anayetaka Kujenga Gari la Mfano Nyumbani

Mingoyo ni njia panda. Anayeteremka na barabara ya pwani kutoka Dar es Salaam, akishaipita Lindi mjini, hufika hapa akachagua: kushoto Mtwara, kulia Masasi. Mabasi, malori ya korosho, pikapu za vijijini na bajaji hukutana hapa, na mengi husimama. Dereva ananyoosha miguu, utingo anagonga matairi, abiria wananunua chochote cha kutafuna njiani.

Kwa mtu anayetaka kujenga gari la mfano, mahali kama hapa ni bahati. Wajenzi wengi wa Ulaya na Marekani hutegemea picha, michoro ya kununua na maboksi ya vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani. Wa Mingoyo anaweza kutoka nyumbani na tepu mfukoni akapima gari lenyewe.

Ufundi wenyewe si mgeni. Watoto wa ukanda huu hawakungoja kufundishwa kutengeneza magari: bodi ya mabua ya mtama au ya waya, magurudumu ya malapa yaliyokatika, vizibo vya soda kwa taa, na usukani wa fimbo ndefu unaomwezesha dereva kukimbia nyuma ya gari lake. Malawi vigari vya waya vya namna hiyo huitwa galimoto, na mwandishi Karen Lynn Williams aliviandikia kitabu cha watoto mwaka 1990. Makala haya yanamlenga yule aliyewahi kusukuma kigari hicho, ambaye leo ana umri wa kushika msumeno bila kuogopewa, na anataka kitu kitakachofanana kweli na gari linalopita barabarani.

Kitakachomfikisha huko ni kipimo. Rangi yake inaweza kuwa na madoa na vioo vikawa na gundi pembeni, lakini kama vipimo viko sawa, kila apitaye barazani atalitaja gari kwa jina kabla hajaambiwa. Vipimo vikikosewa, hata rangi ya kiwandani hailiokoi.

Gari gani la kuanzia

Wengi huanza na gari wanalolitamani, na hapo ndipo wanapokwama. Basi jipya au gari dogo la kisasa limejaa mapindo yaliyofinywa na mashine nzito, bonde hapa, kichuguu pale, na kila pindo ni mtihani kwa mtu mwenye mkasi na tupa. Ni afadhali kuanza na gari ambalo waliolibuni nao hawakuwa na mashine hizo.

Gari hilo lipo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alimchorea kaka yake Spencer umbo la gari la shamba kwenye mchanga wa ufukwe wa Red Wharf Bay, kisiwani Anglesey, Wales. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka miwili tu nyuma. Chuma kiligawiwa kwa mgawo, na kampuni haikuwa na fedha za mashine kubwa za kufinyia bodi. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa bati la mchanganyiko wa aluminiamu, likaachwa bapa karibu kila mahali, na pale lilipopindwa likapindwa kwa mkunjo mmoja mwepesi. Chesisi haikufinywa kutoka kwenye bamba nene. Vipande virefu vya bati la chuma vilichomelewa pamoja hadi vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na ufundi huo wa kubana matumizi ulidumu kwenye matoleo yaliyofuata kwa miongo mingi.

Mjenzi wa nyumbani asome habari hiyo kama maelekezo ya kazi. Bodi bapa, mkunjo mmoja, chesisi ya vipande vilivyounganishwa: yote hayo yanafanyika juu ya meza ya chakula. Na magari yenyewe bado yapo. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri zilizokuja kwenye tamasha la gari hilo, na huku kusini si ajabu kukutana na moja kuukuu ikitoka shamba na mkaa au magunia.

Linalofaa zaidi ni lile refu, 109. Namba hiyo ni inchi za umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu sentimita 277. Kampuni ilianza kutoa urefu huo mwaka 1956, na Series III iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985 ndiyo rahisi zaidi kuipata ikiwa bado inatembea. Kabla ya kupima, ni vizuri kujua toleo. Taa kubwa zikiwa katikati, karibu na shoo, gari ni la zamani zaidi. Zikiwa zimesogezwa kwenye madigadi, ni la mwishoni mwa miaka ya 1960 au baadaye. Watu wanaozijua Land Rover hutazama taa kwanza, na mfano wenye sura ya toleo moja na taa za toleo jingine hautawapita.

Asiyeipata Land Rover asikate tamaa. Tela la trekta, bajaji ya mizigo au lori la zamani lenye pua vinafuata kanuni ileile: tafuta bapa.

Skeli

Aliyesoma ramani shuleni anaijua skeli. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita ardhini. Kwenye gari la mfano la 1:10 sentimita moja ni sentimita 10 za gari halisi. Viwanda vya mifano duniani hupenda 1:43, 1:24 na 1:18. Hizo ni skeli za plastiki na mashine, na kwa mkono wa mwanadamu 1:43 ni adha: mlango unakuwa mdogo kuliko kibiriti.

Marekani kulikuwa na mashindano yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild, yaliyofadhiliwa na General Motors kuanzia 1930 hadi 1968. Vijana wa kiume walijenga mifano nyumbani kwao, wakaituma kwa waamuzi, na washindi wakapewa fedha za masomo. Chuck Jordan, aliyeshinda mwaka 1947, baadaye alikuwa mkuu wa usanifu wa magari wa General Motors. Magari yao yalijengwa kwa 1:12, na sababu ni nyepesi: Wamarekani wanapima kwa futi na inchi, futi moja ina inchi 12, kwa hiyo futi ya gari halisi inakuwa inchi moja ya mfano bila hesabu yoyote.

Hapa tunapima kwa sentimita, basi skeli yetu ya uvivu ni 1:10. Kila sentimita ya gari halisi ni milimita moja kwenye rula. Land Rover 109 yenye urefu wa karibu mita 4.45 inakuwa sentimita 44.5. Upana wa karibu mita 1.69 unakuwa sentimita 17 kasoro kidogo. Ekseli mbili zinaachana kwa sentimita 27.7. Tairi la 7.50 kwa 16, ambalo lina kipenyo cha takribani sentimita 80, linakuwa la sentimita 8, na upana wake wa inchi 7.5 unakuwa milimita 19. Gari hilo linakaa juu ya kabati bila kubughudhi mtu, na bado kitasa cha mlango kinaonekana na kinashikika.

Kwenda kupima

Namba hizo hapo juu ni za kumsaidia mtu ajue ukubwa wa meza anayoihitaji. Za kujengea zitoke kwenye gari moja maalumu, lenye bampa lake lililopinda na keria yake iliyochomelewa na fundi wa mtaani, kwa sababu gari kuukuu mara nyingi halifanani tena na kitabu.

Kinachoanza ni adabu. Gari la mtu ni kazi yake, na mtu anayezunguka gari la wenyewe na tepu na daftari bila salamu ataulizwa maswali. "Shikamoo mzee, naomba nilipime gari lako, nataka kutengeneza mfano wake mdogo," inatosha. Madereva wengi hucheka, kisha huanza kueleza wenyewe kilichobadilishwa: injini si yake, taa ya nyuma ni ya pikipiki. Maelezo hayo nayo yaandikwe. Asipimwe anayepakia au kushusha. Angojewe aliyeegesha kupumzika.

Wapimaji wawe wawili, mmoja ashike tepu na mwingine aandike. Vinavyotangulia ni umbali kati ya ekseli, kipenyo cha tairi, na kimo cha chini ya bodi kutoka ardhini, kwani hivyo vitatu ndivyo jicho hukagua bila hata kujijua. Ndipo vifuate urefu wote, upana, kimo cha boneti, kimo cha paa, upana wa mlango, na umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi bampa. Vitu vidogo kama bawaba, vitasa na vioo vya pembeni vipigwe picha na rula ikiwa pembeni yake.

Picha ya ubavu ina hila yake. Simu ikiwa karibu na gari, sehemu iliyo mbele ya kamera hunenepa na ncha zikasinyaa, na mchoro ukitolewa hapo utakuwa na makosa kila upande. Mpigaji arudi nyuma hatua kumi na tano au zaidi, ashushe simu hadi usawa wa katikati ya matairi, kisha avute kwa zumu. Fimbo ya mita moja ikisimamishwa kando ya gurudumu, picha yenyewe inakuwa rula.

Nyumbani, mchoro uchorwe kwa ukubwa uleule wa mfano, kwenye manila: ubavu, mbele, juu. Kilwa na Lindi kuna mafundi wa mashua wanaojenga chombo cha mita nyingi bila karatasi hata moja. Wanalaza mkuku, wanasimamisha mataruma, na jicho linawaambia wapi pa kupunguza. Jicho hilo limekomazwa na miaka ya kukaa ufukweni na mzee wa kazi. Anayeanza magari hana mzee wa namna hiyo, kwa hiyo karatasi ndiyo mzee wake. Kitu cha kuiga kwa mafundi hao ni mpangilio: uti wa mgongo kwanza, ngozi baadaye.

Kabla ya kukata mbao, gari zima lijengwe kwa boksi la sabuni au biskuti, haraka, kwa mkasi na gundi ya karatasi. Hata viwanda vikubwa vya magari hufinyanga mfano wa udongo kabla ya kugusa bati. Boksi hilo likiwekwa juu ya meza na kutazamwa kutoka upande wa pili wa chumba, litasema kama paa limekuwa juu mno au pua fupi mno, na marekebisho yake ni ya bure.

Uti wa mgongo

Chesisi ya Land Rover ina mihimili miwili mirefu iliyounganishwa na vipande vya kukata. Kwa 1:10 kila mhimili una unene wa milimita 8 hivi na kimo cha milimita 15. Plaiwudi ya milimita 4, safu mbili zilizogandishwa kwa gundi ya mbao, inatoa unene huo bila kutafuta mbao maalumu. Makombo ya plaiwudi hupatikana kwa seremala yeyote wa makabati, na aghalabu hayauzi, anayachoma.

Mihimili haijanyooka. Inapanda juu ya ekseli na kushuka katikati, na anayeikata kama rula ataona gari lake limekaa juu kama limekanyaga vigingi. Mstari huo utoke kwenye picha ya ubavu iliyopigwa chini kabisa. Mihimili yote miwili ibanwe pamoja kwenye jiriwa na ipigwe tupa kwa wakati mmoja, ili ifanane. Asiye na jiriwa aifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo, ukikatwa utepe mrefu na kuzungushwa kwa kuvutwa, unabana gundi vizuri kuliko vibanio vingi vya dukani.

Springi za gari hili ni za majani, na mianzi ni kama iliumbwa kwa ajili yake. Mwanzi upasuliwe vipande vyembamba vya upana wa milimita 6, vikwanguliwe hadi vipinde bila kuvunjika, kisha vipangwe vinne, kila kimoja kifupi kuliko kilicho juu yake, na vifungwe katikati kwa waya mwembamba. Mfano ukibonyezwa, utashuka na kurudi. Mwanzi mbichi huvutia wadudu kwa wanga ulio ndani yake. Ukilowekwa majini wiki kadhaa kisha ukaanikwa kivulini, wanga hupungua na fukusi hupoteza hamu.

Ekseli ni spoku ya baiskeli. Ina unene wa milimita 2, ni ngumu, imenyooka, na inapatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Spoku moja inatoa ekseli moja, na kipande kinachobaki kinatosha rodi ya usukani. Ipitishwe ndani ya mrija wa kalamu uliokwisha wino, uliosafishwa kwa spiriti na kufungwa chini ya springi. Ikibana, spoku isuguliwe kwa msasa hadi izunguke; ikilegea sana, mrija wa kalamu ya aina nyingine ujaribiwe. Gurudumu lisilotikisika hutoka hapa, na wala si kwenye gurudumu lenyewe.

Kuhusu usukani unaogeuza matairi, ushauri ni kuuacha kwa gari la kwanza. Una viungo vingi vidogo, na ukikosewa hata kidogo tairi moja linatazama Mtwara na jingine Masasi. Lakini gari likiwa ni la kumpa mtoto acheze, afadhali lipate usukani na likose milango inayofunguka. Uamuzi huo wa gari la kuchezea au la kuonyesha ufanywe mapema, kwa sababu unabadili unene wa kila kitu.

Matairi na bodi

Malapa yanarudi kazini. Lapa moja lina unene wa karibu sentimita moja hadi moja na nusu. Safu mbili zikigandishwa kwa gundi ya viatu zinavuka milimita 19, na ziada inapunguzwa. Duara lichorwe kwa bikari na kukatwa kwa wembe unaochezeshwa taratibu, kubwa kidogo kuliko linalotakiwa. Kisha duara lipitishwe boliti katikati, libanwe kwenye keekee na kuzungushwa juu ya msasa mpaka liwe mviringo kamili. Kashata za tairi zichongwe kwa wembe wakati tairi bado liko kwenye boliti. Ringi ya inchi 16 kwa skeli yetu ni sentimita 4, na kifuniko chochote cha upana huo kinafaa, au kiduara cha plaiwudi. Land Rover nyingi hubeba spea juu ya boneti, kwa hiyo matairi ni matano. Yakatwe sita, na baya kuliko yote litupwe.

Sasa bodi, ambapo mradi huu unampa mjenzi zawadi asiyoitarajia. Bati la Land Rover halisi ni aluminiamu yenye unene wa kati ya milimita 1 na 2. Kopo la soda nalo ni aluminiamu, na ukuta wake una unene wa takribani milimita 0.1. Gawanya kwa kumi: kopo lililotupwa kituoni ni bati la Land Rover kwa skeli ya 1:10, la madini yaleyale na unene unaokaribiana kabisa. Hakuna plastiki ya boksi la dukani inayoweza kusema hivyo.

Kopo lioshwe, likatwe kichwa na kitako, lipasuliwe na kulazwa. Hupatikana kipande cha karibu sentimita 20 kwa 9, kinachotosha ubavu mzima wa bodi ya nyuma. Ukingo wake unakata ngozi kama wembe, hivyo glavu za kazi zivaliwe hadi ukingo upigwe msasa. Kukinyoosha, kikunjwe kinyume cha mviringo wake juu ya ukingo wa meza, kivutwe polepole mara mbili tatu. Chini yake iwepo mifupa ya plaiwudi ya milimita 3 au manila ngumu iliyokatwa kwa mchoro uleule. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili, iachwe hadi ikiguswa isishike kidole, ndipo bati lilazwe. Likishagusa halisogei tena, kwa hiyo mkono uwe umeamua. Mvuke wa gundi hiyo ni mbaya kwa kichwa na mapafu. Kazi ifanyike barazani, na watoto wakae mbali.

Ribiti ndizo zinazomfanya mtazamaji ainame. Land Rover imejaa ribiti, na kwenye bati la kopo hazibandikwi, zinasukumwa kutoka nyuma. Bati lilazwe kifudifudi juu ya kipande cha lapa, rula iwekwe, na ncha ya kalamu ya wino iliyokwisha ibonyezwe kila milimita chache kwa kufuata nafasi zilizopimwa kwenye gari halisi. Upande wa pili hutokea mstari wa vichuguu vidogo vilivyo sawa. Mkono ukilegea ribiti moja inapotea. Ukikaza mno bati linatoboka. Vipande viwili vitatu vya mazoezi vitupwe kwanza. Mistari ya milango nayo inachorwa kwa msumari butu namna hiyohiyo, na ifanywe kabla ya kugandisha.

Vioo ni plastiki ngumu ya pakiti za mashati. Taa ndogo za nyuma na indiketa hutoka kwenye pakiti za vidonge, vile vichuguu vya plastiki angavu, vikipakwa ndani rangi nyekundu au ya machungwa. Taa kubwa zina kipenyo cha inchi 7, yaani milimita 18 kwa mfano wetu. Lensi ya tochi ndogo ya funguo hukaribia. Vibao vya namba visisahauliwe, na rangi iwe sahihi: manjano kwa gari binafsi, nyeupe kwa la biashara.

Unyevu, chumvi na rangi

Pwani ya Lindi ina hewa ya maji na chumvi, na vitabu vya mifano vilivyoandikwa kwenye nchi za baridi havilisemi hilo. Wakati wa masika plaiwudi hunywa unyevu na kuvimba pembeni, na gundi ya mbao inayokauka kwa saa chache kiangazi inaweza kulala usiku mzima ikiwa bado laini. Mbao zipakwe varnishi nyembamba hata zile sehemu zisizoonekana, hasa zile. Waya na spoku zifutwe kwa kitambaa chenye oili kabla ya kufungwa, la sivyo kutu itatokea chini ya rangi na kuibandua.

Rangi ya kupuliza isipulizwe siku ya mawingu mazito wala jioni umande unapoanza kushuka. Hutoka na ukungu mweupe usiofutika. Asubuhi jua likishapanda na upepo wa bahari haujaanza ndiyo saa yake. Aluminiamu haishiki rangi kirahisi. Bati lisuguliwe kwa msasa laini hadi ule mng'ao upotee, lioshwe kwa sabuni, likauke, lipakwe praima, na baada ya hapo tu rangi yenyewe, mara tatu nyembamba badala ya moja nene. Rangi nene huziba ribiti zote zilizoteswa kwa kalamu.

Land Rover za kwanza zilipakwa kijani, kwa rangi iliyobaki kwenye viwanda vya ndege za vita. Kijani hicho, au kijivu, au bluu ya maji ya bahari iliyofifia, vyote vinafaa. Kinachokataliwa ni kung'aa. Gari halisi likitazamwa kwa mbali halina mng'ao wa sahani. Tone la rangi nyeusi ndani ya mchanganyiko na kusugua kidogo kwa msasa laini kabisa mwishoni hupunguza ule ukali.

Kisha vumbi. Hakuna rangi ya dukani inayolipata lile vumbi jekundu la njia za kupanda uwanda wa Makonde, na halihitajiki, kwa sababu lenyewe ni la bure. Udongo uchekechwe kwa kitambaa cha kanga kilichokunjwa, uchanganywe na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mengi, upakwe kwa brashi chini ya madigadi, nyuma ya matairi na kwenye kingo za ngazi. Uishie hapo. Wengi hunogewa wakaligeuza gari kuwa kichuguu.

Kwa asiyetaka Land Rover

Anayeogopa bodi kabisa anaweza kuanza na chombo cha Mingoyo yenyewe. Kabla ya barabara hizi kulikuwa na reli nyembamba ya toroli iliyotoka Mingoyo kuelekea bara, na mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana kandokando yake. Reli za aina hiyo kwa kawaida zilikuwa na upana wa sentimita 60 kati ya chuma na chuma. Kwa 1:10 ni sentimita 6. Toroli ni jukwaa bapa, fremu, ekseli mbili na magurudumu manne yenye mdomo, basi. Ni kazi ya wikendi moja, na inafundisha kila kitu kuhusu ekseli.

Aliyekwisha kukomaa ajaribu Shervick. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufika hadi Nachingwea kabla ya kuachwa mwaka 1951, ulikosa matrekta, na kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya vita vya Sherman kuwa matrekta ya kung'olea miti. Minyororo peke yake, kipande kwa kipande, ni adhabu ya miezi. Lakini ni adhabu yenye historia ya Tanganyika ndani yake, na mifano yake ni adimu kuliko ya vifaru vyenyewe.

Vifaa vinavyokosekana nyumbani, hasa keekee na jiriwa, vinaweza kuazimwa kwa seremala wa jirani kwa saa moja jioni. Lindi kuna chuo cha VETA, na Ndanda kwenye barabara ya Masasi kuna karakana za misheni zilizozoeleka kwa miongo mingi. Maeneo yote mawili yana watu wanaojua kunoa tupa na kulehemu, na swali la heshima halijawahi kumfukuzisha mtu.

Michoro na violezo vya manila visitupwe kazi ikiisha. Chesisi ya 109 ndiyo hiyohiyo iliyobeba pikapu, gari la abiria lenye milango mitano na gari la wagonjwa. Mjenzi akishakuwa na kiolezo cha mihimili, springi na ekseli, gari la pili linahitaji bodi mpya tu. Violezo viandikwe jina, skeli na tarehe, vifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, na viwekwe juu ya kabati, mbali na sakafu na ukuta ambako mchwa hupanda.